Tope, Chavua na Mbawakawa: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Mazingira ya Zama za Barafu

Mtu akikukuta umeinama juu ya ndoo ya tope jeusi, umeshika chekeche na chupa ya mafuta ya taa, lazima aulize unatafuta nini. Ukimjibu kwamba unatafuta hali ya hewa ya miaka elfu arobaini iliyopita, swali la kwanza huzaa mengine kumi. Hapa nimekusanya yale yanayorudi kila mara, na majibu kama ninavyoyatoa nikiwa na muda wa kutosha.

Zama za barafu zilikuwa lini?

Tangu miaka takriban milioni 2.6 iliyopita dunia imekuwa ikipoa na kupata joto kwa zamu. Ukisikia watu wanataja "zama za barafu" bila kufafanua, mara nyingi wanazungumzia zamu ya mwisho, ambayo kilele chake kilikuwa kati ya miaka 26,000 na 19,000 iliyopita. Wakati huo barafu ilifunika Kanada na kaskazini mwa Ulaya, na maji mengi ya bahari yalikuwa yamefungiwa nchi kavu katika hali ya barafu, kiasi kwamba usawa wa bahari ulishuka kwa takriban mita 120. Hewa ya ukaa nayo ilikuwa chini sana: sehemu 180 hadi 190 kwa milioni, wakati leo ni zaidi ya 420. Takwimu hiyo ya hewa ya ukaa tutaihitaji tukifika Mlima Kenya.

Kwa nini mhangaike na wadudu na majani wakati kuna mifupa ya mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya?

Mifupa ina kazi yake. Lakini mnyama mkubwa hutembea mbali, hula vitu vingi na huvumilia mengi. Ukikuta mfupa wa mamothi kwenye mchanga wa mto, umejua kwamba mamothi alipita eneo hilo, na mto wenyewe huenda uliusogeza mfupa huo.

Sasa mchukue fukusi mmoja mdogo wa Alaska na Yukon (kaskazini-magharibi mwa Kanada), Connatichela artemisiae. Maisha yake yote yanategemea pakanga, yaani jamii ile ya mimea michungu ya Artemisia. Ukikuta kichwa chake ndani ya tope, unajua kwamba hapo hapo, au hatua chache tu kutoka hapo, palikuwa na ardhi kavu yenye pakanga. Mamothi hana uwezo wa kukuambia jambo mahususi kiasi hicho.

Jani au mdudu anawezaje kudumu miaka yote hiyo bila kuoza?

Kuoza kunahitaji oksijeni. Sakafuni mwa ziwa, ndani ya kinamasi, au kwenye ardhi iliyoganda daima, oksijeni hakuna au ni kidogo mno. Ganda la chavua limejengwa kwa sporopolenini, dutu sugu ajabu ambayo hata asidi kali haiiyeyushi kwa urahisi. Ganda la mbawakawa ni la kitini, nayo haiozi upesi ikiwa haipati hewa.

Hawa si mawe. Wengi wakisikia neno "visukuku" hufikiria kitu kilichogeuka jiwe, lakini visukuku vya zama za barafu mara nyingi ni kitu chenyewe halisi. Mbawakawa wa matete, wale wa jamii ya Donacia, hutoka topeni wakiwa bado wanang'aa kijani na shaba kama walivyong'aa siku waliyokufa. Nilipoliona ganda la aina hiyo mara ya kwanza chini ya hadubini nilinyamaza kwa muda mrefu. Hadi leo sijazoea, na natumaini sitazoea.

Kazi yenyewe inafanyikaje? Mafuta ya taa ni ya nini?

Kwa wadudu unahitaji tope jingi, kilo tano au kumi kwa kila tabaka. Unaliloweka kwenye ndoo, wakati mwingine pamoja na magadi ya kufulia ili udongo ulegee, kisha unalimimina juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 0.3. Udongo laini unapita na maji. Kinachobaki ni makapi meusi: vijiti, mizizi, mbegu, majani yaliyokunjamana, na mahali fulani humo ndani, wadudu.

Makapi yakishachuja maji unayamwagia mafuta ya taa na kuyakanda polepole kwa mkono, kama mtu anayekanda unga asitake kuvunja kitu kilichomo. Mafuta yaliyozidi unayarudisha chupani. Halafu unajaza maji baridi na kusubiri. Mafuta hulishika ganda la mdudu vizuri kuliko yanavyoushika mti uliokwisha kulowa, kwa hiyo baada ya muda vipande vya wadudu huanza kupanda juu. Unavikusanya, unaviosha kwa sabuni, unavisuuza kwa spiriti, kisha unakaa kwenye hadubini na burashi ndogo, ukichambua kipande baada ya kipande.

Mdudu mzima huwa humpati. Unapata kichwa, kifua na maganda ya mbawa, kila kimoja peke yake. Unavilinganisha na vielelezo vya makumbusho: vidoti hivi viko safu ngapi, nywele zimeelekea wapi, ukingo umejipinda vipi. Kuna siku nzima inayoishia kwenye majina matatu tu, na hiyo ni siku nzuri.

Na chavua?

Chavua ni ndogo zaidi, nyingi zikiwa na upana kati ya mikroni 10 na 100 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Hapa tope linalohitajika ni kama kijiko kidogo tu. Linapitishwa kwenye alkali, kisha kwenye asidi ya kuondoa mchanga, kisha kwenye mchanganyiko unaoondoa selulosi. Asidi ya kuondoa mchanga ni ya hatari kweli kweli. Inatumiwa ndani ya kabati maalumu lenye feni na mtu aliyefunzwa tu. Baada ya hapo unahesabu chembe moja moja, mara nyingi 300 au zaidi kwa kila tabaka, na kuchora mchoro wa jinsi kila mmea ulivyopanda na kushuka kwa karne. Mbinu hii aliitangaza Lennart von Post wa Sweden mwaka 1916, na hadi leo ndiyo nguzo ya fani.

Ila chavua inaweza kukupotosha. Misonobari, ambayo wengi wetu tunaiita mipaini, ina chavua yenye vifuko viwili vya hewa, na upepo huibeba mamia ya kilomita. Mahali pasipo na mti hata mmoja, chavua chache zinazodondoka kutoka mbali zinaweza kuonekana kama msitu ukizisoma kwa asilimia peke yake. Ndiyo maana tunatafuta pia majani, mbegu na magamba ya machipukizi. Jani halisafiri sana. Ukilikuta, mmea ulikuwa jirani.

Ni kweli kipindi kizima cha historia ya dunia kimepewa jina la ua?

Ni kweli. Dryas octopetala ni ua dogo jeupe, kwa kawaida lenye petali nane, linalotambaa kwenye mawe ya Aktiki na milima mirefu ya Ulaya. Kuanzia mwaka 1870, Msweden Alfred Nathorst alikuta majani yake pamoja na ya mimea mingine ya baridi kwenye udongo wa mfinyanzi kusini mwa Sweden, eneo ambalo leo ni mashamba ya nafaka. Mwaka 1901, kwenye shimo la udongo wa matofali huko Allerød, Denmark, watafiti Hartz na Milthers walieleza kitu cha ajabu zaidi: tabaka la udongo wenye Dryas chini, juu yake tope lenye mabaki ya miti ya mibetula, ishara kwamba joto lilikuwa limerudi, na juu yake tena Dryas. Baridi ilikuwa imerudi mara ya pili, baada ya dunia kuanza kupona.

Kurudi huko kwa baridi ndiko tunakoita Dryas Changa, kati ya miaka 12,900 na 11,700 iliyopita. Kuligunduliwa kwa kusoma majani ndani ya shimo la wafyatua matofali.

Mnajuaje kwamba mdudu wa zamani alipenda baridi ile ile anayopenda wa leo? Hakubadilika?

Swali hili ndilo lililomshughulisha Russell Coope, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Birmingham, tangu alipoanza kukusanya mbawakawa kwenye machimbo ya kokoto ya Uingereza miaka ya 1950. Wengi walitarajia kwamba wadudu wa zamani hivyo wangekuwa spishi zilizokwisha kutoweka. Coope alizidi kukuta kinyume chake. Walikuwa wale wale hadi kwenye maumbo ya viungo vya uzazi, ambavyo mara nyingine huhifadhika ndani ya tumbo na ndivyo vinavyotenganisha spishi zinazofanana. Wengi walikuwa hai bado, ila si Uingereza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mbawakawa wa kinyesi aitwaye Aphodius holdereri. Kwenye matabaka ya Uingereza ya katikati ya zama za barafu za mwisho yupo tele. Leo anaishi kwenye nyanda za juu za Tibet, maelfu ya kilomita mashariki. Hali ya hewa ilipobadilika, hawa wadudu hawakukaa mahali pamoja wakageuka spishi nyingine. Walihama. Vizazi kwa vizazi walifuata hali ya hewa waliyoizoea, na waliobaki ndio hao wa Tibet.

Mnatoaje nyuzi za joto kutoka kwenye maganda?

Fikiria mnapanga kikao cha harusi. Mjomba ana nafasi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, shangazi kuanzia saa tisa, na msimamizi lazima aondoke saa kumi. Basi kikao ni kati ya saa tisa na saa kumi. Kila spishi ya mbawakawa nayo ina mipaka yake: joto analoliweza la mwezi wa kiangazi (msimu wa joto wa Ulaya), na tofauti kati ya mwezi wa joto zaidi na wa baridi zaidi. Ukiwakuta spishi ishirini ndani ya tabaka moja, hali ya hewa ya siku hizo lazima ilikuwa ndani ya eneo wanalokubaliana wote.

Mbinu hii Atkinson, Briffa na Coope waliitumia mwaka 1987 kuchora joto la Uingereza kwa miaka 22,000. Ina jambo moja ambalo watu hulipita haraka, nami naliona ndilo roho yake: hutumia zaidi wadudu wawindaji na wala mizoga, huku wala mimea wakiachwa pembeni. Mla mimea anaweza kukosekana kwa sababu tu mmea wake haujafika. Mwindaji hasubiri mmea fulani uote. Joto likimfaa, anakuja.

Ikiwa mimea inasema baridi na wadudu wanasema joto, nani anasema kweli?

Wote wawili. Kama ungesoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, ningeomba liwe hili.

Pale Upton Warren, kwenye kaunti ya Worcestershire, kuna matabaka ya miaka takriban 42,000. Mbawakawa wake wanaonyesha kiangazi chenye joto kama la Uingereza ya leo au zaidi. Chavua za tope hilo hilo hazina miti. Mtu wa chavua akiangalia peke yake atasema: tundra (nchi ya baridi isiyo na miti), baridi. Wa mbawakawa atasema: joto. Kwa miaka kadhaa jambo hili lilionekana kama kosa la upande mmoja.

Halafu likatokea tena mwishoni mwa zama za barafu. Miaka kama 14,700 iliyopita mbawakawa wa baridi wa Uingereza walitoweka ghafla na nafasi zao zikachukuliwa na wa kusini. Joto la mwezi wa kiangazi lilipanda kutoka karibu nyuzi 10 hadi karibu nyuzi 17 kwa muda mfupi sana kijiolojia. Ardhi ilikuwa bado na majani mafupi na vichaka. Misitu ya mibetula ilipotanda, karne nyingi baadaye, mbawakawa walikwisha kuanza kuonyesha kwamba baridi inarejea.

Mbawakawa ana mbawa. Anaweza kuhamia mahali papya ndani ya miaka michache. Mti unahitaji mbegu ifike, udongo uwepo, uote, ukomae, uzae, na mbegu zake nazo zisogee. Kwa hiyo mdudu hukuambia hali ya hewa ilipobadilika, na mti hukuambia mandhari ilipobadilika. Ni saa mbili tofauti. Pengo kati yao ndilo linalotuonyesha kwamba hali ya hewa inaweza kugeuka upesi kuliko misitu inavyoweza kuifuata.

Coope alipokuwa akisema haya wengi waliona kasi hiyo haiwezekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 matokeo ya nguzo za barafu zilizotobolewa Greenland yalitoka, nayo yalionyesha mabadiliko ya ghafla ya aina ile ile, mengine ndani ya miongo michache. Wadudu walikuwa wamelisema mapema.

Beringia ilikuwa mbuga ya nyasi au tundra tupu?

Beringia ni ile nchi iliyounganisha Siberia na Alaska bahari iliposhuka. Hoja kubwa ilikuwa hii: mamothi, farasi na nyati wa stepi walikula nini hapo? Wa mifupa walisema lazima palikuwa na majani mengi. Baadhi ya wa chavua walisema palikuwa pakame na pa umaskini.

Kuna mahali pamoja ambapo jibu lilihifadhiwa likiwa zima. Kwenye rasi ya Seward, Alaska, volkano ya Devil Mountain Lake ililipuka miaka kama 21,500 iliyopita na kufukia ardhi kwa majivu mazito. Ardhi iliganda na haikuyeyuka tena. Ukiondoa majivu unaikuta nyasi ya siku ile imelala ilipokuwa: Kobresia, ambayo ni ya jamii ya ndago, kuvumwani, na maua madogo ya ardhi kavu. Halikuwa jangwa, wala si tundra ya majimaji ya leo. Lakini matope yaliyotolewa chini ya bahari, kwenye sehemu ya Beringia ambayo leo imefunikwa na maji, yalimwonyesha mtafiti Scott Elias na wenzake wadudu na mimea ya tundra ya vichaka yenye unyevu zaidi. Kwa maoni yangu kosa la mwanzo lilikuwa kudai nchi kubwa kiasi hicho iwe na sura moja. Hata Serengeti haina sura moja.

Mbegu za zamani zinaweza kuota?

Kuna habari mbili, na zote ni muhimu. Mwaka 1967 ilitangazwa kwamba mbegu za lupini wa Aktiki, mmea wa jamii ya kunde, zilizokutwa kwenye mashimo ya panya wa Yukon, zenye miaka 10,000, zimeota. Vitabu vilinakili habari hiyo kwa miongo. Mwaka 2009 mbegu hizo zilipimwa umri moja kwa moja, zikaonekana ni za kisasa; zilikuwa zimeingia tu kwenye mashimo ya kale.

Ya pili ni ya mwaka 2012. Watafiti wa Urusi walichukua matunda mabichi ya Silene stenophylla, mmea mdogo wa maua, kutoka ghala za kindi wa ardhini, mita 38 chini, kando ya mto Kolyma huko Siberia. Umri ulipimwa kwenye sampuli zenyewe: karibu miaka 32,000. Hawakupanda mbegu; walikuza mimea kutoka kwenye tishu ya ndani ya tunda. Mimea ilichanua na kuzaa mbegu zilizoota.

Umri mnaupimaje?

Kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua polepole kiumbe kikishakufa, ambayo nusu yake huisha kila miaka 5,730, hivyo ukipita miaka kama 50,000 hakuna kilichobaki cha kupima. Ni bora kupima jani au mbegu ya mmea wa nchi kavu kuliko tope zima, kwa sababu tope la ziwa huweza kuwa na kaboni ya kale kutoka kwenye miamba ya chokaa.

Na huku kwetu Afrika Mashariki?

Huku kwetu barafu ilikuwa milimani: Kilimanjaro, Mlima Kenya, Rwenzori. Lakini mabadiliko yalifika hadi bondeni. Kati ya miaka 18,000 na 14,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka. Chini ya tope la ziwa kuna tabaka la udongo wa nchi kavu wenye mizizi. Palipo na meli na sangara leo, paliota nyasi.

Sacred Lake, mita 2,350 kwenye mteremko wa Mlima Kenya, leo limezungukwa na msitu. Chavua alizohesabu mtafiti Coetzee miaka ya 1960 zilionyesha kwamba wakati wa baridi mimea ya juu ya mlima ilikuwa imeshuka hadi hapo. Huko Burundi, Raymonde Bonnefille na wenzake walikadiria mwaka 1990, kwa chavua za kinamasi cha Kashiru, kwamba wakati huo palikuwa na baridi kuliko leo kwa nyuzi 4 hivi. Milima ya Uluguru imetoa habari tofauti: tope la zaidi ya miaka 40,000 linaonyesha msitu uliobaki bila kuyumba sana, yaelekea kwa sababu unyevu wa Bahari ya Hindi haukukatika. Wanaojiuliza kwa nini Uluguru na Udzungwa zina viumbe wasiopatikana kwingine duniani waanzie hapo.

Sasa turudi kwenye ile hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikipungua miti huteseka na nyasi za joto hupata nafuu, hata kama baridi haikuzidi. Uchunguzi wa kaboni kwenye tope la Sacred Lake, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba sehemu ya kushuka kwa msitu inaweza kutokana na hilo. Kwa hiyo chavua peke yake inaweza kutia chumvi kwenye baridi. Shahidi wa pili anahitajika, na yupo: visubi wa ziwani, ndugu wa wale wanaopanda juu ya Ziwa Victoria kama nguzo za moshi. Vichwa vya viluwiluwi vyao hubaki topeni, na hawajali hewa ya ukaa kama mti unavyojali. Wataalamu wamekwisha pima visubi wa maziwa ya Rwenzori na Mlima Kenya kujua nani anapenda joto lipi. Mbawakawa wa kale wa milima yetu bado hawajapata mtu wa kuwafanyia kazi kama ya Coope, na ningependa sana kumwona kijana wa Morogoro au Meru akiianza.

Nikichimba kisima nikakuta tope jeusi lenye majani, nifanye nini?

Usilioshe na usilianike juani. Likikauka, majani hupasuka na maganda ya wadudu hukatika vipande. Kata bonge lenye ukubwa wa tofali bila kulivuruga, lifunge kwa nailoni tabaka mbili, liweke mahali pa baridi, kwenye friji ikiwezekana lakini si kwenye sehemu ya kugandisha. Weka alama upande wa juu. Pima kina kutoka usawa wa ardhi, piga picha ya ukuta wa shimo ukiwa umeegemeza jembe au rula ili ukubwa uonekane. Kenya, wasiliana na Makumbusho ya Taifa, ambayo ina wataalamu wa chavua. Tanzania, anza na Idara ya Mambo ya Kale au chuo kikuu kilicho karibu. Andika kina na mahali kwenye karatasi kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, maana karatasi itapata unyevu na wino utayeyuka.